TAHADHARI: "Chromecast orijino" ya Instagram, nimepigwa elfu 85

Wakuu, nimeingizwa mjini na umri wangu huu. Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia.

Wiki iliyopita nilikutana na tangazo Instagram, ukurasa unaojinadi kuwa na duka Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Wanauza kidude cha kuchomeka kwenye HDMI ya TV ili unachotazama kwenye tableti kitokee kwenye TV bila waya. Wanakiita Chromecast orijino, toleo jipya, 4K, inakubali Android na iPad, filamu zote mpaka za kulipia. Bei 85,000, mpaka mlangoni. Nikamwambia nitafuata mwenyewe dukani. "Kaka, leo tunashusha mzigo, bodaboda anakuletea." Mtu ana duka Aggrey halafu hataki mteja aingie! Lakini foleni ya Kimara mnaijua, nikatuma hela. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mtu, wala halikufanana na la duka. Nalo nikalipotezea.

Tuanze na hiyo "toleo jipya". Google walitangaza mwaka 2024 kwamba wameacha kutengeneza Chromecast. Nilikuja kulijua hilo baada ya kupigwa.

Halafu Chromecast yenyewe hainakili kioo cha tableti ukiwa unatazama, tuseme, YouTube. Tableti inaiagiza tu, yenyewe inavuta video kwenye intaneti kupitia waifai ya nyumbani. Hata ukizima kioo cha tableti, video inaendelea. Yangu nilipozima kioo, TV ikabaki buluu. Kumbe nimeuziwa kile cha Miracast, kinachorudufu kioo kama kilivyo. Si kitu kibaya, na kurusha picha kwenyewe hakuhitaji bando kwa sababu tableti inaongea na kidude moja kwa moja. Ila hakina hadhi ya elfu 85. iPad ya shemeji haikukiona kabisa, maana iPad haina Miracast, inatumia AirPlay, njia ya Apple wenyewe. Nikafungua filamu ya kulipia: sauti inasikika, picha giza tupu. Hizo zina ulinzi wa kuzuia kunakiliwa. Na hiyo 4K? Nilibonyeza info kwenye rimoti, TV ikaandika 1080, yaani ubora ulio chini ya 4K.

Yote hayo ningemeza. Kilichonitoa jasho ni kikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi. Kina QR, unaambiwa uskani ili upakue programu ya kuunganisha. Haikupeleki Play Store, inashusha faili lenyewe kutoka tovuti nisiyoijua. Ukilifungua linaomba ruhusa ya kusoma SMS na majina uliyohifadhi. Kurusha picha kwenye TV kunahusiana nini na SMS zangu? Tableti yangu ina laini, ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za benki. Shemeji alishafikisha kidole kwenye "Ruhusu", nikampokonya. Kama wewe ulishabonyeza, ifute hiyo programu sasa hivi, badilisha namba za siri ukitumia simu nyingine, na wapigie benki wakuangalizie akaunti.

Nilipompigia muuzaji alisema waifai yangu dhaifu. Mara ya pili akataka elfu 20 ya fundi wa kuja kuniunganishia. Mara ya tatu nikakuta ameshanibloku. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hakunipa, nami sikuidai. Ujumbe wa muamala ninao, na meseji zake nimeshazipeleka 15040, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti matapeli.

Sasa chekeni. Kijana wa jirani, fundi redio, alikuja jioni akashika rimoti, akaingia kwenye orodha ya vyanzo, akakuta "Screen Mirroring". TV yangu ina Miracast ndani yake tangu nimeinunua! Akashusha pazia la juu la tableti, akagusa Smart View (ndivyo Samsung wanavyoiita, kwenye baadhi ya Android nyingine inaandikwa Cast), picha ikaja. Alikunywa soda, akaondoka. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pekua kwanza TV yako. Ikiwa haina, beba tableti yako uende dukani, wakuchomekee kwenye TV yao, uzime kioo uone, ndipo utoe hela.

Asubuhi ya leo nimeuchungulia ule ukurasa kwa simu ya mke wangu. Tangazo ni lile lile, picha ile ile, bei wameshusha mpaka 60,000, na sehemu ya maoni wameifunga.