Seti ya kichanga ya Biashara Street: chukua kadi, acha vinavyoning'inia

Sanduku hili limeenea katika maduka ya vitu vya watoto, kuanzia Biashara Street, Mombasa, hadi pembezoni mwa soko la Marikiti, na wengi hulinunua wakienda kumpa mzazi pongezi. Halina jina la kiwanda. Lina picha ya mtoto anayecheka na maandishi yanayoahidi kukuza akili tangu siku ya kwanza. Ndani mna vitu vitano: kadi 12 za michoro, wanyama wa kitambaa wa kuning'iniza juu ya kitanda, kifaa cha sauti cha kumlaza mtoto, kayamba ya plastiki na blanketi la kumviringia. Kila kimoja tumekipima kwa swali moja: mtoto ambaye hajatimiza arobaini anakipokeaje? Macho ya anayelipa yameshaburudishwa vya kutosha na waliolichora sanduku.

Kadi ndizo zinazobeba seti nzima. Ni za mraba, sentimita 14 kila upande, nane nyeusi na nyeupe, nne za rangi hafifu. Wapo wanaosema kichanga haoni kitu hadi baada ya wiki kadhaa, na si kweli. Anaona tangu anapozaliwa, ila kwa ukungu mwingi. Kitu ambacho mtu mzima mwenye macho mazima anakitambua akiwa mita 30, kichanga hukihitaji karibu mita moja hivi. Umbali unaomfaa zaidi ni sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa kutoka kwenye titi hadi usoni mwa mama. Hapo anaweza kutenganisha mstari mweusi na mweupe wenye upana wa takriban milimita 3. Kisogeze kitu hicho hadi mita moja, na mistari itahitaji upana wa karibu sentimita moja. Iliyo myembamba zaidi humchanganyikia ikawa kijivu.

Kwa kipimo hicho, kadi ya mistari ya sentimita 2 na ile ya duara ndani ya duara zinafaa sana. Ile ya vitone vidogo vya milimita 2 ni karatasi tupu kwake. Mwaka 1963 mtafiti Robert Fantz alionyesha kwamba watoto wenye umri wa chini ya siku 5 hutazama michoro kwa muda mrefu kuliko sahani ya rangi isiyo na mchoro, na hilo ndilo msingi wa kadi zote za namna hii duniani. Zile nne za waridi lililopauka na samawati hafifu ziweke kando. Katika wiki za mwanzo mtoto huipata rangi nyekundu iliyokolea, tena ikiwa kubwa, lakini samawati humpita. Kuona rangi hukaribia kwa mtu mzima mnamo miezi 3 hadi 4.

Kosa la kadi ni plastiki inayong'aa. Ukizishika chini ya taa ya dari, mtoto anaona mwako wa taa badala ya mchoro. Keti dirishani, mwanga utokee nyuma ya mtoto au ubavuni. Subiri ameshanyonya, amecheua, macho yamefunguka yanang'aa na mikono na miguu imetulia. Hali hiyo hudumu dakika chache tu, kwani kichanga hulala saa 16 hivi kwa siku. Shika kadi moja, sentimita 25 kutoka usoni, upande ambao kichwa tayari kimegeukia. Hesabu hadi kumi kabla ya kusema haoni, maana jicho lake huchelewa kukamata. Kisha isogeze polepole kuelekea katikati. Atafuata kwa kurukaruka, na wakati mwingine jicho moja litakwenda kombo. Hilo la kombo ni la kawaida katika miezi ya mwanzo. Ukiona mboni ina weupe ndani, hapo usingoje, mpeleke hospitali.

Akigeuza macho pembeni, akipiga miayo au kwikwi, akitanua vidole au kujikunja mgongo kwa nyuma, weka kadi chini. Karatasi ya maelezo iliyomo sandukuni inashauri umgeuze kidevu aangalie tena. Ushauri huo ni mbaya, na tunauchukia kweli. Kugeuza macho ndio mlango pekee ambao mtoto wa siku kumi anaweza kuufunga mwenyewe.

Wanyama wa kuning'inia wamefeli kabisa. Ni watano, wa njano hafifu na kijivu, na kamba zao huwaweka kama sentimita 70 juu ya godoro. Jicho na mdomo vimeshonwa kwa uzi wa milimita 2. Mpimaji aliwatazama akiwa amesimama, kwa ubavu, na kweli wanapendeza. Aliyelala chini anaona matumbo yao: mviringo mmoja wa njano usio na mchoro. Hata huo mviringo huenda asiuone, kwa sababu kichanga akilazwa chali mara nyingi kichwa hulala upande mmoja, kwa wengi upande wa kulia, ilhali wanyama wamening'inizwa katikati. Juu ya yote, kitanda ni cha kulalia. Kamba hizo ni ndefu, na mtoto akianza kufikia vitu au kujiinua kwa mikono zinaweza kumzonga shingo. Kama seti imeshaletwa nyumbani, wafungue, washonee matumboni kitambaa chenye mistari mipana myeusi na myeupe, uwashike kwa mkono wakati mtoto yuko macho. Kitandani wasiwepo.

Mshindani halisi wa vitu hivi ni uso wa mama. Mwaka 1975 Goren na wenzake waliwapima watoto waliokuwa na dakika chache tu tangu kuzaliwa, wakaona wanageuza macho na kichwa kufuata mchoro wenye mpangilio wa uso zaidi ya mchoro wenye sehemu zilezile zilizovurugwa. Lakini uso huo kichanga huusoma kutokea kingoni: mpaka wa nywele na paji, kidevu, kisha ndiyo macho. Ndiyo sababu matokeo ya Olivier Pascalis na wenzake ya mwaka 1995 yanatuhusu sana sisi wa Pwani. Watoto wa siku nne walimtazama mama yao zaidi kuliko mwanamke mgeni. Wanawake wote wawili walipofunika nywele kwa kitambaa, tofauti hiyo ikatoweka. Basi mama akiwa ndani kwake, ushungi autoe anaponyonyesha, nywele azifunge zilevile kila siku. Akiwa mbele ya wageni na amejifunika, aanze kwa sauti kabla ya uso, kwa kuwa sauti mtoto anaijua tangu tumboni. Wanja nao humsaidia mtoto kulipata jicho, ila uwe kwenye jicho la mama. Mtoto asipakwe, maana baadhi ya wanja una madini ya risasi.

Karatasi ya maelezo inadai pia kwamba kichanga ataiga ukimtolea ulimi. Dai hilo lilitoka kwa watafiti Meltzoff na Moore mwaka 1977, likapendwa mno. Uchunguzi mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuata watoto zaidi ya 100 kuanzia wiki ya kwanza, haukuona uigaji huo. Mtolee ulimi kwa mapenzi yako, lakini asipojibu usidhani ana kasoro.

Kifaa cha sauti ndicho kinachotutia hofu. Kina milio sita: mvua, mawimbi, feni, moyo na nyimbo mbili. Wazo lake lina maana, kwani mtoto husikia akiwa bado tumboni, na huko hakuna kimya: kuna mapigo ya moyo, mwendo wa damu na sauti ya mama iliyofifia. Shida ni ukubwa wa sauti na mahali pa kukiweka. Picha kwenye sanduku inakionyesha kando ya kichwa cha mtoto. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walipima mashine 14 za namna hii zikiwa kwenye sauti ya juu kabisa. Kwa umbali wa sentimita 30, tatu kati yake zilizidi desibeli 85, kiwango ambacho mfanyakazi wa kiwandani huanza kulindwa masikio. Kiweke mita 2 au zaidi kutoka kitandani, sauti iwe chini kiasi cha kuweza kunong'ona na mwenzako mkasikilizana, na kizimwe akishasinzia. Kama nje tuktuk na bodaboda zinapita usiku kucha, usipandishe sauti kuzifunika. Funga dirisha la upande wa barabara.

Kuna jambo kifaa hiki hakiwezi. DeCasper na Fifer mwaka 1980 waliwapa watoto wasiotimiza siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na rekodi, wakaona wanabadilisha mwendo wa kunyonya ili waisikie sauti ya mama yao badala ya mama mwingine. Kwa hiyo mama akisema mistari michache kwa sauti yake ya kila siku, anampa mtoto kitu anachokitambua. Na babu au baba anayemwadhinia mtoto sikioni hana haja ya kupaza. Sauti ya chini, karibu na sikio, inafika yote.

Kosa jingine: kifuniko cha betri hufunguka kwa ukucha, hakina skrubu, na ndani mna betri bapa kama sarafu. Kichanga hataifikia, lakini kakake wa miaka miwili ataifikia, na betri hiyo ikikwama kooni huunguza ndani ya saa chache. Kwa hili peke yake tungekirudisha dukani.

Kayamba ni ya kuhifadhi. Mtoto mchanga hufumba kiganja juu ya chochote kinachokigusa, lakini hajui kukiachia, hivyo hujigonga nacho usoni. Itoe mwezi wa tatu au wa nne.

Blanketi ni la manyoya ya polyesta, zito, na kwa joto la Mombasa halina kazi, hasa kati ya Desemba na Machi. Mtoto akipata joto kupita kiasi shingo na kifua huwa vya moto na vinalowa jasho. Mikono na miguu baridi si kipimo. Ukitaka kumviringa, leso moja ya pamba iliyokwishafuliwa inatosha, ikaze kifuani tu, miguu ibaki huru kukunjuka na kutanuka kama chura ili nyonga zisiteguke, na alazwe chali. Acha kabisa kumviringa akianza kutaka kujigeuza.

Leso iliyolala na mama ina faida nyingine: harufu. Katika majaribio ya MacFarlane ya mwaka 1975, watoto wa siku sita walielekeza kichwa zaidi upande wa kitambaa kilichokuwa titini mwa mama yao kuliko cha mama mwingine. Udi na manukato makali huifunika harufu hiyo, na moshi huwasha vifua vichanga. Chetezo kifukizwe nguo za mama chumba kingine, mtoto asiwepo.

Muulize muuzaji kama atakuuzia kadi peke yake. Akikataa, ingia duka la leso, uchague kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, maumbo makubwa yaliyorudiwa. Ikunje mara nne, uitandaze imekaza kwenye ukuta kando ya pale mtoto anapobadilishwa nepi, pindo liwe sentimita 30 kutoka usoni mwake, upande anaougeukia. Wiki inayofuata mlaze kichwa kilipokuwa miguu, ili ageuzie shingo upande wa pili.