Uzoefu wangu wa kusoma mtandaoni: mwanangu alinishikia tochi, chuo kikasema nimeibia mtihani

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Wiki zimepita na haijapoa, basi acha niandike nayo. Jina la chuo sitalitaja. Wanaonifahamu wanakijua.

Mimi ni karani wa stoo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Lazima nieleze kazi yenyewe kwanza, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilikimbilia masomo ya mtandaoni. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unashushwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, kwa hiyo mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, na sisi wa stoo tunapumua. Giza likirudi, mzigo unaanza kushuka kutoka Ukerewe na visiwa vingine, magunia yanapangwa mpaka yanagusa bati, malori yanasubiri, na mimi naandika tangu alfajiri mpaka mkono unakufa ganzi. Hiyo ndiyo kalenda yangu. Ukiniuliza leo tarehe ngapi nitatafuta simu, lakini ukiniuliza mwezi ukoje nakujibu bila kutoka nje.

Sasa niambie ni darasa gani la jioni linalofuata mwezi. Nilijaribu moja upande wa Nyegezi, miaka ya nyuma. Kipindi kikiisha saa mbili usiku, mpaka nibadilishe daladala mjini na nipande mawe ya Kitangiri ninakoishi, ni saa nne, watoto wamelala bila kuoga. Siku za giza sikufika kabisa. Nikaacha muhula wa kwanza haujaisha, na ada ikaenda.

Baba watoto ni dereva wa lori njia ya Geita. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo ilikuwa inamchelewesha inavyotaka yenyewe. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa, Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji akawa anazikata kwa dakika chache, tukashangilia kwamba sasa atakuwa anawahi nyumbani. Tajiri wake akaongeza safari. Kwa hiyo malezi ni mimi, kazi ni mimi, na masomo kama yapo yanikute hapo hapo nilipo.

Ndipo nikajiunga na stashahada ya uhasibu kwa njia ya mtandao. Nilikagua kwanza usajili wa chuo kwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati, nikakuta kipo na kozi ipo. Sikuingia kichwakichwa.

Na hapa niseme ukweli, maana sitaki hasira inifanye mwongo. Miezi ya mwanzo nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata darasani. Vipindi vinarekodiwa. Nilijifunza uchakavu wa mali, yaani thamani yake inavyoshuka mwaka hadi mwaka, nikipiga pasi sare za shule, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Nikikosa kuelewa narudisha nyuma, mara tatu, mara nne, hakuna wa kugeuka kunitazama. Siku za mbalamwezi nasoma mchana kutwa stoo, siku za giza sigusi, na hakuna anayeniandika mtoro.

Kuna mwalimu wetu mmoja wa uhasibu wa fedha. Alikuwa akifundisha uchakavu kwa mfano wa gari la ofisi, nikamwandikia kwamba sisi huku gari la ofisi hatuna, tuna injini za boti, na injini ya boti mwaka wa kwanza ndio inaporomoka thamani kuliko miaka yote, je, kuigawa sawa kwa sawa kila mwaka si kujidanganya? Kipindi kilichofuata akaanza hivi: "Kuna dada yetu Mwanza ameniuliza swali zuri." Akachukua injini ya milioni 5, akaipiga kwanza kwa njia ya mgawanyo sawa, milioni 1 kila mwaka kwa miaka mitano, halafu akaipiga kwa salio linalopungua, kila mwaka asilimia 40 ya thamani iliyobaki, mwaka wa kwanza inaondoka milioni 2 nzima, wa pili milioni 1 na laki 2, na akasema kwa mali inayochoka mapema kama hiyo njia ya pili inasema kweli zaidi. Nililia. Miaka yote naandika magunia ya watu, ilikuwa mara yangu ya kwanza swali langu kuwa somo. Kesho yake nilimwonyesha bosi hesabu ya injini zake mbili na hakuniuliza nimeitoa wapi, alikaa chini akaisoma.

Kwa hiyo mjue nilikipenda chuo hiki. Ndio maana nimeumia hivi.

Mtihani wa somo hilo hilo ulipangwa saa mbili usiku mpaka saa nne, katikati ya giza. Nilitoka stoo nanuka dagaa, nikapika haraka, nikawalaza watoto, nikafungua laptopu niliyoazima kazini. Masharti yao: kamera iwe wazi muda wote, uso uonekane, chumbani usiwepo mtu mwingine. Sawa. Maswali 40, na ukitoka saa inaendelea kuhesabu.

Nilikuwa nimefika swali la 27, ulinganisho wa taarifa ya benki, cheki ambazo hazijawasilishwa. Hilo ni swali ambalo naliweza nikiwa usingizini. Umeme ukakatika.

Laptopu ilikuwa na chaji. Intaneti ilikuwa ya simu, haikutetereka. Kilichokosekana ni mwanga tu. Ukatokea mstari mwekundu: uso hauonekani, sekunde 60 mtihani utafungwa. Nikasogeza uso karibu na kioo mpaka nusu nikibusu. Bado. Sekunde 40. Mshumaa sikumbuki niliuweka wapi. Na hapo mwanangu wa miaka saba, ambaye nilidhani amelala, akaja na kitochi changu, ile simu ndogo ya kutuma pesa, ameshawasha taa, akanimulika usoni. Mstari mwekundu ukapotea. Nikamwambia "hapo hapo baba, usitikisike." Akasimama. Mkono ukichoka anaupokeza mwingine, nasikia anavyopumua. Tulienda hivyo maswali sita. La 34 kioo kikafunga chenyewe na maneno mawili: mtu wa pili.

Kumbe sikio lake na kipande cha shavu vilikuwa vinaonekana pembeni.

Asubuhi nikapiga simu kitengo cha huduma kwa wanafunzi nikiwa Mwaloni, nimejibanza nyuma ya magunia ili nisikie. Akapokea kijana. Nikamsalimia, nikajieleza yote, umeme, tochi, mtoto. Akasema, "Mama, kwenye picha mko wawili."

"Ndiyo kaka, ni mwanangu, alikuwa ananimulika."

"Ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Watoto wa siku hizi wanajua mengi." Akacheka. Nikasikia na mwenzake pembeni anacheka.

Nikanyamaza, nikidhani ataendelea. Akaendelea: "Sasa mama, kama mazingira ya nyumbani hayaruhusu, ungesubiri watoto wakue ndio usome." Akakata.

Nimeandika aya zote hizo juu kwa ajili ya kufika hapa. Mfumo ni mashine, mashine haijui mtoto wala tochi, nisingeichukia. Umeme kukatika tumezoea. Lakini binadamu mwenye mdomo, analipwa kwa ada yangu, ananiambia nisubiri watoto wakue! Nani basi anasoma mtandaoni? Wale wasio na watoto, wenye muda na nauli, si wako darasani? Tangazo lao lenyewe lilikuwa na picha ya mama amempakata mtoto mbele ya kompyuta, anatabasamu. Lile tangazo ndilo lililonileta. Mtoto yule wa kwenye picha mbona hakuitwa mtu wa pili?

Nikakata rufaa. Wakataka barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba umeme ulikatika, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mtu mzima, alivua miwani akanitazama, akasema tangu ashike muhuri hajawahi kuandikiwa ombi kama hilo. Akagonga. Nikapiga picha zote, nikatuma. Kimya. Nikatuma tena. Mwezi ulipevuka, ukaisha, giza likaingia tena, ndipo jibu likaja, mistari miwili: udanganyifu haukuthibitika, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya mtihani wa marudio kwa kulipia.

Kama udanganyifu haukuthibitika, nalipia nini? Na walio vyuoni wanajua maana ya sapu, ndio huo mtihani wa marudio. Kwa utaratibu wa chuo chetu, sapu hata ukipata zote inaandikwa C. Somo nililolipenda kuliko yote, lenye injini yangu ya boti ndani yake, kwenye cheti changu litasomeka C mpaka nazeeka. Nililipa elfu hamsini, nikafanya mchana stoo wakati wa mbalamwezi, mlango nimefunga na komeo, nikamaliza dakika 50 kabla ya muda.

Yule mwalimu alinitumia ujumbe usiku mmoja, akasema amesikia, ameongea alikoweza kuongea, na alama zangu halisi za sapu anazijua. Hakutakiwa kufanya hivyo. Sikujua nimjibu nini, nikamwandikia ahsante mwalimu.

Sasa mnaoniuliza kama mjiunge au msijiunge na masomo ya mtandaoni. Jamani, sijui niwajibu vipi. Kuna dada tunayefanya naye kazi anasoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kile kilichoanzishwa mwaka 1992 kufundisha watu walio mbali na darasa. Yeye anasoma nyumbani ila mtihani anakwenda kukaa kituoni, hapa hapa Mwanza. Nilikuwa namwonea huruma kwa kuomba ruhusa kazini siku za mitihani. Siku hizi naona yeye ndiye aliyepata nafuu, kwa sababu chumba cha mtihani kina msimamizi mwenye macho, umeme ukikatika anaona umekatika. Kwa hiyo kabla hujalipa, ukishakagua usajili, NACTVET kwa vyuo na TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa vyuo vikuu, uliza swali moja ambalo mimi sikuuliza: giza likiingia katikati ya mtihani, nafanyaje? Uliza kwa maandishi, na jibu walitoe kwa maandishi. Wakicheka, ondoka.

Nilipoanza kuandika hapa nilikuwa nawapa nyota moja. Nilipofika kwenye injini ya boti nikasema hapana, haki ya Mungu wanastahili tatu, kwa sababu bila vipindi vile ningekuwa bado karani asiyejua anachokiandika. Nikapandisha. Halafu nikasoma tena yale maneno, "ungesubiri watoto wakue", na mkono ukatetemeka kama siku ile. Ziwe mbili. Zote mbili ni za mwalimu.

Sijaacha. Nimebakiza muhula mmoja na ada nimeshalipa nusu. Ratiba ya mitihani imetoka juzi, nimeipanga pembeni ya mwezi, karatasi mbili zimeangukia giza. Nimenunua taa ya sola yenye kibanio, nimeifunga kwenye pazia usawa wa uso wangu, na jana usiku tumeijaribu. Mwanangu alikaa kwenye kiti changu, mimi nikatazama kwenye kamera. Alionekana vizuri, masikio yote mawili.