Sakafu ya shawa: vigae vidogo au vikubwa?

Swali hili huwagombanisha mafundi na wenye nyumba kila mara. Tuanze na mteremko: sakafu ya shawa inatakiwa ishuke takriban sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Vigae vidogo vya sentimita 5 hufuata mteremko huo bila shida, hata ukishuka kutoka pande nne. Kigae kikubwa hakipindi. Fundi asipokikata mshazari, kona moja huinuka na kidole cha mguu huigundua mara moja. Lakini ukiweka mfereji mrefu wa kutolea maji sakafuni, kando ya ukuta, mteremko unakuwa wa upande mmoja na kikubwa kinalala vizuri.

Kwa utelezi, vidogo vinashinda: viungo vingi kati ya vigae huupa unyayo mshiko. Viungo hivyo hivyo ndivyo vinavyoshika sabuni na ukungu, na kusugua ni kazi. Pia hula muda wa fundi.

Kuvuja hakutegemei ukubwa. Kinachozuia maji ni tabaka lililo chini ya vigae. Tafadhali, usilibanie pesa.

Nyumba yenye mzee au mtoto, ningeweka vidogo. Mwenye mfereji na asiye na muda wa kusugua achukue vikubwa, vyenye uso usioteleza.