Huduma ya kupewa taarifa nyaraka ya nyumba yako ikisajiliwa, uzoefu wangu

Kuna ofisi za usajili wa ardhi zinazokutumia imeili nyaraka yenye jina lako ikisajiliwa, na swali ni kama inafaa kujiandikisha. Nianze na jibu kabisa: jiandikishe, ni bure, ila jua unachopata ni taarifa tu na sio ulinzi. Watu wengi wanachanganya hapo, wanadhani wakishajiandikisha basi hakuna mtu anaweza kugusa hati yao. Hapana. Nyaraka inapokelewa, inasajiliwa, ndo we unatumiwa imeili.

Kinachotakiwa kueleweka ni kwamba sehemu nyingi zenye hii huduma afisa wa usajili kazi yake ni kuangalia fomu imejazwa sawa, sahihi ipo, muhuri wa mthibitishaji (notary, yule anayeshuhudia sahihi) upo, ada imelipwa. Hampigii mwenye nyumba kumuuliza kama kweli kauza. Kwa hiyo mtu akighushi sahihi yako na akapata muhuri, karatasi inaweza kuingia kwenye rejista kama nyaraka nyingine yoyote na we huna habari mpaka siku unataka kuuza au kukopa.

Mimi taarifa ya kwanza ilikuja nilipomaliza kulipa mkopo wa nyumba na benki wakapeleka nyaraka ya kuondoa rehani. Imeili ilikuwa fupi, ina aina ya nyaraka, namba yake, tarehe ya kusajiliwa na majina ya pande mbili, basi. Nakala ya nyaraka yenyewe haipo, inabidi uiombe ofisini. Hapo kiukweli wangeboresha, maana mtu asiyejua mambo ya ardhi akiona namba tupu na neno rehani anaweza kupata presha bure. Los Angeles County kule Marekani wao wanamtumia mwenye nyumba nakala kwa posta na hiyo naona ni nzuri zaidi hasa kwa wazee ambao imeili hawaifungui.

Sasa jambo kubwa kuliko yote, ambalo wengi wanalipita tu wakati wa kujaza fomu, ni jina. Mifumo mingi inatafuta kwa jina, Philadelphia, Marekani, kwa mfano wana huduma yao inaitwa Deed Fraud Guard na unajiandikisha kwa jina, sasa kama hati yako ina majina matatu na we umejaza mawili, au herufi moja imekosewa kwenye hati ya zamani, au nyumba iko kwa jina la kampuni, mfumo unaweza kukupita kimya na usijue. Mi nimeandikisha jina langu kwa kila namna linavyoonekana kwenye nyaraka zangu, lile la kabla ya ndoa likiwemo. Ubaya wake ni kwamba kuna mtu tunafanana majina na taarifa zake zinanijia mimi, ila bora zinijie na nizifute kuliko nikose yangu. England na Wales hawana shida hiyo kwa sababu Property Alert, huduma ya HM Land Registry, ofisi yao ya serikali ya usajili wa ardhi, inafuatilia nyumba yenyewe, na akaunti moja inaweza kufuatilia hadi nyumba 10, hata isiyo yako, kwa hiyo unaweza kumsaidia mama au shangazi bila yeye kuwa na imeili.

Wa kuwahi ni nani? Wenye viwanja vitupu, walio mbali na nyumba zao, waliopangisha, na sanasana zile nyumba ambazo bado ziko kwa jina la marehemu na ndugu hawajamaliza mirathi. Nyumba isiyo na mkopo nayo inapendwa na matapeli maana hakuna benki ya kuuliza maswali. Mama yangu nimemwandikisha kwa imeili yangu, yeye nilimweleza tu akaridhia.

Kuna kampuni zinatoza hela kila mwezi kwa kitu hiki hiki na matangazo yao yanatisha kwelikweli. Usilipe kabla hujaangalia kama ofisi ya usajili ya eneo lako inayo bure. FTC, ile tume ya Marekani inayolinda walaji, imeshawaambia watu kwamba hicho ambacho kampuni hizo zinakiita kufuli la hati sio kufuli na wala sio bima.

Ukipata taarifa usiyoielewa usikae nayo. Omba nakala siku hiyo hiyo, angalia aliyesaini ni nani na mthibitishaji ni nani, kisha polisi na mwanasheria, na waambie ofisi ya usajili kwa maandishi. Hati ya kughushi kwa sheria za Marekani haihamishi umiliki, lakini kuisafisha kwenye rejista mara nyingi lazima upite mahakamani, ndo maana kuwahi kuna faida, unamkamata kabla hajauza au hajakopea. Kama kwenu kuna zuio la kuweka kwenye hati weka pia, England kuna zuio linalotaka mwanasheria athibitishe kuwa ni wewe kweli ndo mauzo yasajiliwe, na hilo linazuia kweli.

Huduma hii naipa nyota nne. Ya tano ningetoa kama taarifa ingekuja nyaraka ikipokelewa tu dirishani, kabla haijasajiliwa. Halafu ukibadilisha imeili kumbuka kuibadilisha na huko, na angalia folda ya spamu, yangu ya kwanza niliikuta huko.