Fundi wa Magomeni aliyekataa kuniuzia betri

Wenye pikipiki wenzangu wa Dar, huyu fundi namwandikia kwa moyo mmoja kwa sababu nilienda kwake na hela mkononi nataka betri mpya, akakataa kuniuzia, na kukataa kwake ndo kumeniokoa.

Nianzie nyuma kidogo. Desemba nilienda Moshi wiki tatu, pikipiki nikaiacha uani Mbagala na alamu imewashwa. Alamu inakula umeme kidogo kidogo usiku na mchana, nimerudi nabonyeza stata nasikia tik tik tik basi, honi haitoki. Nikapiga kiki ikawaka, nikajua itajichaji yenyewe barabarani, ila kazi yangu ni kupeleka mizigo, Kariakoo Ilala, Ilala Buguruni, dakika kumi nimezima, nawasha tena, dakika kumi nimezima, yani kila stata inachota na safari zenyewe fupi hazirudishi kilichochotwa. Na betri ya asidi ikilala tupu siku nyingi zile sahani za ndani zinashika salfeti, yani ukoko mweupe, hata uichaji vipi hairudi ilivyokuwa. Ile ilikufa kwa uzembe wangu.

Nikanunua nyingine duka moja hivi, silitaji. Kijana kamimina asidi pale pale, kafunga, dakika tano nimeshaondoka. Hakuniambia kwamba betri mpya ya kumwagia asidi inatakiwa itulie kama nusu saa hivi inywe, afu ichajiwe taratibu ndo ifungwe. Na hakupima kitu chochote kwenye pikipiki. Hapo ndo naumia zaidi, maana baada ya miezi minne maji yalikuwa yanapungua kila wiki, naongeza maji ya betri yanapungua tena, ubavu wa betri ukaanza kuvimba, nikishuka kwenye safari nikiigusa ni ya moto. Katikati hapo globu ya mbele ikaungua mara mbili, nikawa nabadilisha globu tu, sikujua ni ugonjwa ule ule.

Dereva mmoja wa boda pale kijiweni kwetu ndo akanielekeza kwa huyu mzee wa Magomeni, fundi umeme wa pikipiki, ana meza ya mbao chini ya mwembe na mita yake ya njano ya kupimia volti imefungwa raba bendi. Nikamwamkia, nikamwambia nataka betri ya volti 12, ampea 7. Akaitikia marahaba, afu akaniuliza, "Mwanangu, iliyopo nani kaiua?" Sikuwa na jibu. Akafungua saidi kava, akaweka mita, injini imezimwa inasoma volti 12.2. Akaniambia bonyeza stata, ikaanguka mpaka 8.7. Betri nzima iliyojaa ukiiacha itulie inasoma 12.6 mpaka 12.8, na stata ikizungusha injini isishuke chini ya 9.5 au 10 hivi. Kwa hiyo imekufa kweli. Mi nikajua sasa anatoa mpya, wapi, akaniambia washa kwa kiki, vuta moto, yani ongeza mafuta, taratibu. Mita ikapanda 14.4, 14.9, 15.3, ikagota 15.9. Akanigeuzia niione mwenyewe. "Hii haitakiwi kuvuka 14.5 hivi. Nikikuuzia betri leo, utarudi baada ya miezi minne unanitukana."

Shida ilikuwa rekitifaya, ile inayogeuza umeme wa injini na kuuzuia usizidi. Imeshindwa kuzuia, betri inachemshwa, maji yanaisha, globu zinaungua. Ikifa kwa upande mwingine ndo hata ukivuta moto mita inabaki 12 na kitu, betri hailishwi kabisa. Dalili zinafanana kwa anayeendesha, asubuhi pikipiki haiwaki, na wengi tunakimbilia kubadili betri.

Kabadilisha rekitifaya, kapima tena, 14.2 imetulia. Afu betri mpya hakunipa siku hiyo, kaichaji usiku kucha, nikarudi kesho yake. Kupima alinitoza elfu tatu tu. Wakati wa kufunga akanionyesha kitu sikukijua: ukitoa betri unaanza waya wa hasi, ukirudisha unaanza wa chanya, kwa sababu spana ikiwa kwenye chanya ikagusa fremu wakati hasi bado imefungwa, cheche yake siyo ya kuchezea.

Kwa ushauri wake nikanunua na chaja ndogo Kariakoo, ya ampea 0.8, ikijaza inajipunguza yenyewe. Hii nayo naisifia ila ina kasoro mbili, waya mfupi mno na plagi yake ni ya pini mbili za duara, lazima utafute adapta. Kwa betri ya ampea 7 unatakiwa kuchaji na moja ya kumi, yani 0.7 hivi, kwa hiyo inaendana. Zile chaja kubwa za gereji za magari zinazosukuma ampea kumi zinaipika betri ndogo, msikubali hata wakiwaambia itajaa haraka. Mi naichomeka Jumapili usiku, na nikisafiri nachomoa hasi kabisa, alamu ikose cha kula.

Kasoro ya mzee mwenyewe ni foleni. Ukifika saa nne asubuhi unakuta boda sita zimepanga, na hapokei simu akiwa kazini, na ukimharakisha anaacha pikipiki yako anashika ya mwingine. Betri mbovu anaichukua na anakupunguzia bei ya mpya, usiimwage asidi mtaroni nyumbani. Nendeni saa moja na nusu, anakuwa ndo anafungua, nyuma ya stendi ya bajaji upande wa Mapipa.