Uzoefu wangu na mafunzo ya tiba ya mikono: shingo ya mtu si ya kuchezewa

Bado nina hasira, na nimeona afadhali niandike kabla wenzangu hawajaanza kutuma ada ya awamu ijayo. Ninazungumzia mafunzo ya tiba ya mikono, yaani kutibu viungo kwa kuvisogeza na kuvisukuma kwa mikono, kwa wataalamu wa fiziotherapia, yaliyofanyika mwishoni mwa juma katika ukumbi wa hoteli hapa Mombasa miezi michache iliyopita, na ambayo humpatia mshiriki alama za elimu endelevu tunazohitaji ili kuhuisha leseni. Ratiba na ada sitazieleza, kwa kuwa tangazo lao limekwisha kuyasema hayo yote. Nitaeleza yaliyotokea asubuhi tulipofika kwenye shingo.

Mkufunzi mkuu alimwita mbele kijana mmoja kati yetu, akamlaza chali, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kumgeuza shingo, huku akitueleza namna ya kuufikia mwisho wa mwendo kabla ya ule msukumo mfupi wa ghafla. Hakumuuliza kama aliwahi kuumia shingo. Hakumuuliza habari ya kizunguzungu, ya kuona vitu viwili viwili, ya kumeza kwa shida wala ya ulimi kuwa mzito. Kipimo cha presha kilikuwa juu ya meza, ndani ya mfuko wake, zipu imefungwa. Nikanyoosha mkono na kusema, "Samahani mwalimu, tungeomba uanze na uchunguzi na idhini yake, ili nasi tuone unavyofanya." Hakunitazama. Alijibu, "Binti, hayo ni ya darasani. Hapa mmekuja kujifunza kazi ya mikono, na mwenye woga akakae nyuma." Watu wakacheka, shingo ikalia, watu wakapiga makofi. Yule kijana aliinuka, akaketi ukingoni mwa kitanda akiwa ameshikilia godoro kwa mikono yote miwili, na alipoulizwa anajisikiaje akasema kwamba ukumbi unazunguka. Akaambiwa kuwa hilo ni jambo la kawaida, kwamba mfupa umerudi mahali pake.

Mfupa haukurudi popote, kwa sababu haukuwa umetoka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, huko Kanada, walipiga picha za MRI za viungo vya vidole vikivutwa mpaka vilie, wakaona uwazi wa gesi ukijitokeza ndani ya ute wa kiungo wakati ule ule wa mlio. Anayewafundisha watu wenye leseni kwamba mlio ni mfupa unaorudi anawatuma wakawaambie wagonjwa jambo lisilo la kweli, na mgonjwa anayesadiki kwamba pingili zake za mgongo hutoka na kurudi ataishi akiogopa kuinama hata kufua nguo zake mwenyewe.

Ni kweli kwamba kiharusi kinachofuata msukumo wa shingo, mshipa wa damu unapochanika, ni nadra sana, wala sitaki kumtisha mtu. Lakini kikitokea hakifutiki, na ndiyo sababu shirikisho la kimataifa la fiziotherapia ya tiba ya mikono, lililoundwa mwaka 1974, limetoa mwongozo kamili kuhusu kuchunguza mishipa ya damu ya shingo kabla ya tiba, presha ikiwamo. Kwetu sisi kuna jambo jingine ambalo sikulisikia likitajwa hata mara moja ukumbini, nalo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Sote tumewaona wagonjwa hao: maumivu ya miezi mingi, jasho la usiku, nguo zinampwaya, na nyumbani ameshakandwa na kupakwa kila mafuta. Pingili iliyokwisha kuliwa na ugonjwa ule, ukiisukuma kwa nguvu, inaweza kuporomoka ikabana neva na kumwacha mtu amepooza miguu. Kumuuliza mgonjwa kama amekonda hakumalizi hata dakika moja.

Hata hivyo, haki yake apewe msaidizi wa mkufunzi, mama mmoja mtulivu aliyetufundisha mchana mbinu za Brian Mulligan, mtaalamu wa fiziotherapia wa Nyuzilandi. Alimwomba idhini mshiriki aliyewahi kuteguka kifundo cha mguu, akamsimamisha mguu mmoja juu ya kitanda, akapitisha mshipi nyuma ya muundi karibu na kisigino na kuuzungusha kiunoni mwake mwenyewe. Kisha aliegemea nyuma taratibu ili mshipi uvute muundi mbele, mikono yake ikiuzuia mfupa wa chini yake usifuate, huku mshiriki akisogeza goti mbele. Alirudia kutuambia kwamba mwendo huo lazima uwe bila maumivu, na kwamba ukiuma hata baada ya kubadilisha pembe, mbinu hiyo iachwe. Wiki iliyofuata niliitumia kwa mzee mmoja ambaye kwa muda mrefu hakuweza kuchuchumaa kutia udhu, na alipoteremka hadi chini bila kushika ukuta alinitazama akasema, "Mwanangu, Mungu akuweke." Kwa ajili ya mchana ule peke yake nilikuwa tayari kuandika kwamba mafunzo haya yanafaa, ila mtu akae mbali na kipindi cha shingo.

Niliwaandikia waandaaji barua ya heshima, nikaeleza habari ya yule kijana, na nikaomba uchunguzi uwe sehemu ya somo. Hawakujibu hata sentensi moja ya barua hiyo. Walinitumia cheti, na cheti hicho kinathibitisha kwamba nimefuzu kufanya msukumo wa shingo, ilhali zoezi lile nililikataa mbele yao wote na sikumgusa mtu. Pamoja na cheti lilikuja tangazo la awamu ijayo: shingo tena, mkufunzi yule yule.

Kwa hiyo ninaondoa kauli yangu kwamba yanafaa. Alama za leseni zinapatikana kwingine. Cheti nimekirudisha kwao pamoja na nakala ya ile barua, na yule mama akiandaa mafunzo yake mwenyewe, nitalipa ada siku ile ile.