TAHADHARI: Seti za "unda rodi yako mwenyewe" zinazouzwa mtandaoni, wana Kusini tunapigwa

Wadau wa mshipi wa Mtwara na Lindi, habari za saa hizi. Naandika kwa sababu meza yangu ya kurekebishia rodi (fimbo za kuvulia samaki) hapa Shangani, Mtwara, imejaa takataka za muuzaji mmoja. Sina shaka ni mmoja: uzi ni uleule, chupa ya gundi ni ileile, na hata makosa ya herufi kwenye karatasi ya maelekezo ni yaleyale.

Tangazo lenye picha ya meza ya bluu linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Linaahidi seti kamili ya kuanzia: blanki ya kaboni halisi ya futi saba (blanki ndiyo ile fimbo tupu kabla haijafungwa chochote), ringi za baharini za kupitishia mshipi, kiti cha rili (rili ndiyo ile ya kuzungushia mshipi), mpini, uzi wa kufungia ringi kwenye fimbo na gundi ya kuufunika. Unaambiwa utaunga mwenyewe nyumbani kwa jioni mbili. Bei laki moja na nusu, nusu unatanguliza. Sitaji jina wala namba, kwa sababu vyote vinabadilika kila baada ya muda, na laini zenyewe zinakuja na majina ya watu ambao huenda hawajui kinachoendelea. Shikeni mbinu zake.

Kuna waliotuma hela wasipate kitu. Ukishatuma kianzio unarushiwa picha ya risiti ya mzigo wa basi, jina la mpokeaji limezibwa kwa kidole. "Kaka, mzigo umeondoka Mbagala asubuhi, jioni nenda stendi ya Mkanaledi." Jioni mzigo haupo. Kesho yake inakuja hadithi ya Somanga: basi limekwama, mizigo imehamishiwa gari lingine, tuma elfu ishirini ya kuhamisha. Tangu mvua za Mei 2024 zilipoikata barabara pale Somanga, hadithi hiyo inaingia akilini haraka, na jamaa analijua hilo. Ukishatuma elfu ishirini, unapigwa bloku.

Wanaoniuma zaidi ni wale waliopata mzigo, maana hao wanadhani ufundi ndio umewashinda. Kijana anahangaika na uzi wiki nzima, rodi inavunjika siku ya kwanza, anasema kazi hii si ya kwetu, anarudi kwenye mshipi wa mkono. Hebu niwafungulie seti iliyopo mezani kwangu sasa hivi.

Blanki kwanza. Nje ni nyeusi inayong'aa, na ina maandishi ya dhahabu ya "kaboni". Nikakwangua mwisho wa kitako kwa msasa: chini ya rangi ni nyeupe inayoelekea njano. Hiyo ni faibaglasi. Kaboni ni nyeusi mpaka ndani. Nikaazima mita ya fundi umeme, nikagusisha ncha zake mbili pale nilipokwangua, kimya kabisa. Kaboni hupitisha umeme, faibaglasi haipitishi. (Ndiyo maana mwenye rodi ya kaboni akisikia radi anatakiwa ailaze chini aondoke, na asiipitishe karibu na nyaya za umeme.) Mita ikiitika haina maana kwamba fimbo ni kaboni tupu, maana zipo za mchanganyiko. Lakini ikikaa kimya baada ya kupiga msasa vizuri, usilipe bei ya kaboni.

Tena sina ugomvi na faibaglasi. Ni nzito zaidi na inapinda zaidi, ila inavumilia kugongwagongwa. Anayeanza, anayevulia kwenye mawe ya Mikindani, ningemshauri aanze nayo. Shida ni kuuziwa faibaglasi kwa bei ya kaboni, tena faibaglasi mbovu: nikiiviringisha juu ya meza ya kioo inarukaruka, maana yake imepinda tangu kiwandani.

Ringi ndizo zimenichekesha. Rodi ya futi saba ya rili ya kawaida huhitaji ringi saba au nane hivi ukihesabu na ya nchani. Mafundi huanza na hesabu ya moja kwa kila futi, wanaongeza moja, kisha wanarekebisha. Seti hii ina nne. Ringi zikiwa chache, mshipi unakata kona badala ya kufuata mkunjo wa fimbo, na mzigo wote unaangukia sehemu moja. Rodi moja iliyoletwa kwangu ilikatika katikati ya ringi mbili kule Msimbati, baada ya kushika kolekole ambaye hakuwa hata mkubwa wa kutisha.

Halafu ni ringi za chuma kilichopakwa kromu. Chukua sumaku ya spika mbovu. Chuma kisichoshika kutu kinachofaa baharini sumaku haikikamati, au inakikamata kinyonge tu. Hizi zilirukia sumaku zenyewe. Nilizilowesha kwenye maji ya bahari nikaziacha na chumvi yake, kutu ikaanza kwenye miguu, palepale ambapo uzi ungezifunika usiione mpaka ringi ing'oke. Na ndani hazina kauri, ni chuma kitupu. Mshipi wa kusukwa utachimba mfereji humo, kisha mfereji huohuo utaanza kuula mshipi. Kwa ringi zenye kauri, pitisha pamba ya masikio ndani yake. Nyuzi zikinasa mahali, pana ufa.

Gundi sasa. Epoksi ya kufunikia uzi wa rodi huja chupa mbili, resini na kigumishi, na nyingi unazichanganya kwa kipimo sawa. Ukikosea kipimo haigandi. Ikishachanganywa vizuri na kupakwa, rodi inazungushwa taratibu kwa saa kadhaa ili isichuruzike upande mmoja, na inaachwa siku nzima kabla ya kuguswa. Na kwa unyevu huu wa hewa ya kwetu, usipake siku ya mvua, itakuja na ukungu juu. Ya kwenye seti ni chupa moja, haina jina, haina mwenzake. Kijana wa Chikongola aliipaka, akaianika juani, na mpaka leo inanata mkononi.

Ukitaka kununua seti kwa muuzaji yeyote wa mbali, mwombe akupigie simu ya video akiwa ameshika mzigo, akwangue kitako mbele yako na kuweka sumaku kwenye ringi. Mwenye bidhaa atalalamika kidogo kisha atafanya. Huyu wa kwetu kila mara kamera yake imeharibika. La sivyo, mtu wako aliyeko Dar aende dukani kwa miguu yake, aione fremu, ashike blanki, alipe papo hapo. Neno "duka lipo Kariakoo" bila mtaa wala namba ya fremu halina uzito wowote.

Kwa kweli anayeanza hahitaji seti. Tafuta rodi iliyovunjika au yenye ringi zilizong'oka, zimejaa majumbani kwa watu. Kwangua uzi wa zamani, noa miguu ya ringi mpya iwe myembamba mwishoni ili uzi upande bila kuacha pengo, kisha funga. Uzi wa kujifunzia nunua wa poliesta kwa fundi cherehani, upitishe katikati ya kitabu kizito ili ukaze sawasawa unapozungusha fimbo. Anza kuviringisha kwenye fimbo, uelekee kwenye ringi. Mizunguko ya mwisho weka kitanzi cha uzi mwingine chini yake, pitisha ncha humo, uvute. Ringi ya nchani igandishe kwa ile gundi ya kijiti inayoyeyushwa kwa moto, ili siku ikivunjika uipashe na kuitoa. Ukishafunga na kufungua mpaka uzi hauachi mwanya, ndipo ufikirie blanki mpya.

Uliyekwishatuma hela, piga 100 ya mtandao wako mara moja. Kama bado haijatolewa kuna uwezekano wa kuizuia, na kila saa inayopita inaupunguza. Namba ya tapeli itume kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usifute ujumbe wa muamala, picha ya risiti ya basi wala sauti alizokutumia, kwa sababu polisi watavihitaji. Kosa hili lipo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Wenzetu wengi wanaona aibu kwenda kituoni kwa sababu ya elfu sabini na tano, kisha mtu mmoja anazikusanya hizo elfu sabini na tano kutoka Kilwa mpaka Msimbati.

Wenye miamala yenu, wa Mtwara leteni nakala kwangu, wa Lindi andikeni hapa chini tupange nani azikusanye. Tukienda kituoni wengi kwa pamoja, tukiwa na namba zote alizotumia, itakuwa vigumu kutuambia ni ugomvi wa biashara. Na aliyenunua rili kutoka kwa tangazo lenye picha ileile ya meza ya bluu aniambie alichopata, maana tangu juzi wameanza kuuza na rili.